Salamu za Kwenye Benchi

Baba yangu hajawahi kuumwa. Muulize mwenyewe, atakwambia hivyo huku ameegemea ukuta na mkono umekamata kifua. Malaria kwake ni uchovu. Ngiri aliyopasuliwa zamani ni "kamshipa tu kalijikunja". Kwa imani yake hospitali ni ya kina mama na watoto. Mwanamume anakwenda kule kumpeleka mtu, akishamfikisha anarudi shambani. Hasira zangu nimezirithi kwake, kwa hiyo tukianza kubishana juu ya jambo hilo majirani wanapunguza redio wasikilize.

Mimi naishi Mkuza, Kibaha, nina kibanda changu cha kushona sare za shule. Yeye yuko kwao, ndani ndani huko Kisarawe, ng'ambo ya Mzenga, na mihogo yake na mikorosho yake. Kituo cha afya kilipojengwa pale kijijini baba alikuwa mstari wa mbele kubeba mawe, na siku ya kukifungua alicheza ngoma mpaka kofia ikadondoka. Kisha akakaa miaka bila kuingia ndani. Ukimwuliza anasema alikijenga kwa ajili ya watu.

Halafu akaletwa daktari mpya, dada mmoja kijana kutoka Tabora, Mnyamwezi. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo kabla hajafungua begi wazee walishamjia kumwuliza iko wapi asali, maana Mnyamwezi bila asali hawezi kutibu hata mbuzi. Akawajibu kwamba asali wamekula wao njiani, wezi wakubwa. Wakampenda hapo hapo. Baba alinipigia simu jioni ile akicheka mpaka akakohoa.

Yule dada hakuja kukaa tu. Alikuta utaratibu ni ule ule wa vituo vyetu vyote, aliyewahi ndiye anayeonwa. Mwenye upele aliyeamka na jogoo anaingia kwanza, na mwenye pumu aliyecheleweshwa na njia mbovu anasubiri nyuma yake akikoroma. Daktari anakaa ndani, anaita "anayefuata!", hajui nani yuko nje na ana hali gani. Jambo hilo lilimnyima usingizi. Alikuwa akisema kwamba daktari anayesubiri kuletewa mgonjwa mezani anatibu wenye nguvu za kufika mezani.

Basi akaanzisha vitambaa. Nesi alikaa mlangoni na kikapu, akikuangalia anakufunga kitambaa mkononi. Chekundu, huyu asisubiri. Cha njano, huyu anaweza kuvumilia kidogo. Cha kijani, huyu hana haraka. Unakaa kwenye benchi, unaitwa kwa rangi yako. Niliposimuliwa niliusifu mpango huo mpaka wateja wangu wakachoka. Sikuwaza rangi hizo ni za nani, na yeye hakuwaza, maana mpira alikuwa haufuatilii kabisa.

Nchi hii ina timu mbili. Nyingine zipo, ndiyo, lakini timu ni mbili, zote za Kariakoo. Moja inavaa nyekundu, nyingine inavaa kijani na njano, na mtu anazaliwa wa huku au wa kule kama anavyozaliwa na kabila lake. Baba ni wa kijani. Nyumbani kwetu hakujawahi kuwa na ndoo nyekundu. Marehemu mama aliwahi kununua kanga nyekundu, nzuri jamani, ikakaa sandukuni mpaka akamgawia wifi yake.

Sasa siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumatatu, na jana yake wekundu walikuwa wametufunga. Nasema "wametufunga", mimi ni mtoto wa baba yangu. Jirani yake baba, mzee mwenzake waliyekua pamoja na kutahiriwa pamoja, na ambaye kwa bahati mbaya ni mwekundu wa damu, alikuwa na jipu kwenye kidole gumba. Akamwomba baba amsindikize kituoni. Baba akakubali, ingawa njia nzima alikuwa akisimama kila kwenye kivuli akisema anafunga viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Nesi akawaangalia wote wawili. Yule wa jipu akamfunga cha kijani. Baba, aliyekuwa analowa jasho na asubuhi bado ya baridi, nesi akamshika mkono na kumfunga chekundu, tena akamwambia, "Baba, wewe kaa hapa mbele." Basi, loh! Nasimuliwa baba aliukodolea macho mkono wake kana kwamba amefungwa nyoka. Wekundu wenyewe wa jana! Na yule jirani naye anakitazama cha kijani, amenuna. Wakatazamana. Nesi alipogeuka tu, jirani akasema, "Nipe changu, chukua chako." Wakafunguana, wakafungana, benchi zima likacheka, na baba akarudi kukaa nyuma na kitambaa chake cha kijani, mtu mwenye heshima zake.

Daktari akaita wekundu. Akaingia mzee mwenye kidole. Daktari akamgeuza huku na huku, akampima, akashangaa. "Baba, nani kakufunga hiki?" Yule mzee, kwa maringo, akaanza kuhadithia utani wao. Hakufika mwisho. Daktari alishatoka mbio, kifaa cha kusikilizia moyo kinamning'inia shingoni. Kule nyuma baba alikuwa ameteleza kwenye benchi taratibu, na watu wa pembeni walidhani amesinzia.

Jirani ndiye aliyenipigia simu. Analia. "Mwanangu, nimemuua baba yako kwa ushabiki." Mimi nikajua wamepigana. Nikamwuliza amempiga na nini. Mzee wa watu akazidi kulia, na mpaka naelewa kwamba baba yuko kwenye gari la wagonjwa analetwa hospitali ya Tumbi, huku kwetu Kibaha, nilikuwa nimeshamtukana vya kutosha. Aliniwia radhi, lakini mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Pale Tumbi nilifika kabla yao. Gari lilipoingia, daktari ndiye aliyeshuka wa kwanza, vidole vyake bado viko kwenye kifundo cha mkono wa baba, viatu vina tope, koti limechafuka. Walipomwingiza ndani, mimi nikamgeukia huyo dada pale kwenye korido. Sikumbakizia neno. Nilimwambia ametufanyia mchezo wa watoto, kwamba wazee wetu si madaftari ya kupakwa rangi, kwamba arudi kwao Tabora akawafunge vitambaa mbuzi. Watu walisimama kututazama. Yeye alisikiliza mpaka pumzi zikaniisha.

Akasema, "Dada yangu, kosa ni langu. Nilidhani rangi ni rangi tu."

Hakumtaja nesi. Hakusema wazee wajinga, na mimi moyoni nilikuwa nangoja aseme hivyo ili nimrukie vizuri. Nikaanza kulia, na yeye akanishika bega tukakaa pale sakafuni wote wawili mpaka mtu wa usafi akatuomba tusogee.

Baba alipona, kama unaweza kuita hivyo. Madaktari wa Tumbi waliniambia moyo wake unapiga kwa kusuasua, unaweza kuchoka wakati wowote, ale dawa kila siku, na akisikia kizunguzungu au pumzi kukatika asingoje kesho. Nikaona nyuso zao nikaelewa kwamba kuishi kwake kutategemea kusema mapema kwamba anaumwa. Yaani baba yangu! Nilirudi Mkuza usiku ule na kushona sketi nzima ya shule ndani nje.

Swali lake la kwanza alipozinduka lilikuwa kama kitambaa alichokuja nacho ni kile cha kijani. Na siku daktari alipokuja kumtazama wodini, alikuja na chupa ya asali. "Mtani, umeniulia heshima," baba akamwambia, "sasa unanihonga." Akaila yote peke yake, hakumwonjesha mtu.

Ukaitishwa mkutano pale kijijini, rangi zibadilishwe. Nilifunga kibanda nikaenda, nisingekosa hiyo. Mmoja akapendekeza bluu. Akaambiwa bluu nayo ina timu yake. Nyeupe? Nani afungwe sanda akiwa hai! Nyeusi je? Hapo kina mama walipiga yowe. Waridi ikakataliwa na wanaume wote kwa pamoja, wa nyekundu na wa kijani, ndiyo mara pekee nimewaona wakikubaliana. Daktari alikuwa amekaa mbele, ameshika tama, na nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza.

Lakini kabla ya kukaa pale alikuwa amefanya jambo ambalo mgeni yeyote mwenye adabu hulifanya kwetu. Alipita kwa kila mzee, mmoja mmoja, akamshika mkono na kumwamkia. Na vidole vya daktari havijui kupumzika. Katikati ya zogo la rangi akasimama akaenda kwa bibi mmoja aliyejitanda kanga kimya, akamwambia, "Bibi, mkono wako ulikuwa wa moto. Umeanza lini kuumwa?" Bibi akasema hajambo, nzuri tu, ila tangu juzi anatetemeka. Mkutano ukaishia hapo, bibi akapelekwa kituoni.

Kesho yake asubuhi kikapu cha vitambaa hakikuwepo mlangoni, na daktari hakuingia ofisini. Alianzia kwenye benchi.

"Shikamoo baba." "Marahaba." "Za kuamka?" "Nzuri." "Za nyumbani?" "Nzuri." "Mihogo?" "Inaendelea." Muda wote huo mkono hauachii, vidole viwili vimelala kwenye kifundo, macho yako kifuani kwa mzee, masikio yanasikiliza kama salamu inamalizika kwa pumzi moja. Aligundua jambo ambalo sisi tunalijua bila kulifikiria. Kwetu hakuna mtu anayejibu salamu kwa "mbaya". Hata anayekata roho atakujibu nzuri, alhamdulillahi, kwanza salamu zikamilike. Ugonjwa unakuja baadaye, nyuma ya neno "ila". Nzuri, ila mguu. Hatujambo, ila mtoto hakulala. Daktari akiwa mezani na haraka zake anasikia nzuri, anakata. Huyu wetu alijifunza kusubiri hiyo "ila". Akiipata, au vidole vikimwambia kabla ya mdomo, anamwinua mtu palepale na kuingia naye, na hakuna anayenung'unika, kwa sababu kila mmoja ameshaamkiwa na ameonekana.

Wazee waliona ni adabu tu. Baba akawa anakwenda kituoni kila wiki, ati "kumsalimia mtani". Nilipomwambia kwamba anapimwa alikasirika siku mbili. Lakini alikwenda, na vidonge akawa anameza, maana mtani alikuwa anauliza.

Wakubwa hawakufurahi. Kulikuwa na kikao cha madaktari hapa Kibaha, yeye akasimama kueleza mpango wake. Baada ya kikao alikuja kibandani kwangu, akakaa kwenye kigoda katikati ya vitambaa vya kaki. Nikampa soda. Alinywa nusu ndipo akasema. "Wamenicheka, dada. Wamesema daktari mzima anaacha ofisi kwenda kusalimia benchi, hadhi ya taaluma iko wapi? Mmoja kaniuliza kama nitaanza na kupiga magoti."

"Wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia kwetu tunapiga."

Nikacheka mpaka nikachoma kidole na sindano. Kisha nikamwambia ninachoamini mpaka leo. Wacheke. Wakimaliza kucheka waje wamwone baba yangu, anatembea. Alifuta machozi kwa kipande cha kaki, akaniuliza kama nitampunguzia bei akihitaji koti jipya.

Kuwageuza wakubwa hao hakukuwa rahisi wala kwa haraka. Alikuja daktari mmoja mkongwe, mkali huyo, kumkagua. Hakujitambulisha. Alikaa kwenye benchi na watu tangu asubuhi, akaamkiwa kama wengine, akaona mama mjamzito mwenye presha akitolewa nyuma kabisa na kuingizwa ndani kabla hata hajafungua mdomo kulalamika. Akaaga, akaondoka. Hakumsifu. Ila baadaye tukasikia kwamba na yeye kwenye kituo chake ameanza kutoka nje ya mlango, akidai anakwenda kunyoosha mgongo. Wengine wakaiga, mmoja baada ya mwingine, wale wale waliocheka. Kwenye kikao kingine hakusimama dada yule kueleza, walisimama wao.

Na kwa sababu mambo ndivyo yalivyo, daktari wetu akahamishwa. Wakampandisha cheo, wakampeleka mkoa wa mbali akafundishe wenzake huko. Siku ya kumuaga, kijiji kizima kilikuja. Baba hakuja. Alisema ana kazi shambani, nikamkuta amekaa nyuma ya nyumba anavunja kuni ambazo zilikwishavunjwa.

Hapo ndipo hofu yangu iliporudi. Mrithi wake alikuwa kijana wa Dar, nywele zimechongwa pembeni, salamu zake ni "mzee wangu, niaje". Alitoka kwenda kwenye benchi kila asubuhi, hilo sitamnyima, maana aliachiwa maagizo. Lakini baba alimkatalia mkono. Akawa anakwenda pale na kuificha mikono yote miwili ndani ya kanzu, akijibu kwa kichwa. Mkono wake ni wa mtani, alisema. Huyu mtoto hajui hata kuamkia. Baadaye akaacha kwenda kabisa. Nikipiga simu nauliza vidonge, anasema anameza. Jirani yake ananinong'oneza kwamba hamezi. Nilibembeleza, nikagomba, nikatishia kumleta Mkuza kwa nguvu. Alikata simu.

Jumanne moja nilifunga kibanda nikaenda bila kumwambia. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka mbele ya rundo la mihogo, kisu mkononi, hamenyi. Midomo imepauka. Nikaanza kufoka tangu mlangoni, nimejiandaa kwa vita, maneno yote nimeyapanga njiani. Nikasema inuka twende kituoni sasa hivi.

"Haya," akasema.

Jamani. Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia baba yangu akisema haya bila kwanza kusema hapana. Nikamwita jirani, tukamshika huku na huku, tukaenda.

Niseme mapema kwamba baba yupo, nisije nikampandisha mtu presha. Wamemwekea kidude chini ya ngozi, huko Dar, kinaukumbusha moyo kupiga, na anakionyesha kwa kila mgeni kama medali. Lakini asubuhi ile sikulijua hilo. Benchi lilikuwa limejaa. Tulimkalisha mwisho, na mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi nipige ukelele wa kubomoa paa, ndipo nikaona yule kijana ameshatoka mlangoni na anakuja. Alikuwa anasalimia upande wa kule. Alimtazama baba kwa mbali, akaruka watu, akaja moja kwa moja, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo babu." Aliisema yote, polepole. Alikuwa amejifunza.

Baba hakuitikia marahaba. Hakusema nzuri. Aliutoa mkono kwenye kanzu, akamwekea kijana yule kwenye viganja vyake.

"Leo ni mimi, mwanangu," akasema.

Kijana alilaza vidole viwili kwenye kifundo. Kisha akamwinua, na hakuuachia ule mkono; wakaenda hivyo hivyo, wameshikana, mlango ukafungwa nyuma yao. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya watu wote, nalia kwa sauti bila aibu. Yule jirani akasogea kwenye benchi akanipa nafasi, akanivuta gauni nikae.

"Kaa, mwanangu," akaniambia. "Wameshamshika."